Njia ya Tunduma na Chimbuko la Elimu ya Mitandao ya Kijamii

Uchambuzi wa mitandao ya kijamii ni elimu inayowasoma watu kupitia mahusiano yao: nani anamjua nani, nani anamkopesha nani, habari inatoka kwa nani na kufika kwa nani, na ni nani ambaye akiondoka wengine hupotezana. Elimu hii haikuanza na simu wala majukwaa ya intaneti, ingawa majukwaa hayo ndiyo yaliyolichukua jina lake. Vyuo vikuu vingi huifundisha kwa kozi fupi ya siku chache au wiki mbili, asubuhi nadharia na mchana mazoezi ya kompyuta. Miongoni mwa majedwali ya mazoezi yanayojulikana zaidi limo moja la mafundi cherehani 39 wa kiwanda kimoja cha nguo mjini Kabwe, Zambia. Mwanafunzi wa California au wa Ljubljana hulipokea likiwa sifuri na moja tupu. Mji wenyewe haumo, na njia zilizowaleta watu mjini humo hazimo. Moja ya njia hizo ilipita Tunduma.

Tunduma iko katika ushoroba ulio kati ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika. Mkoa wa Songwe, uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016 na kupewa makao makuu Vwawa, bado ni mchanga, lakini watu wake wameishi kwa kuvuka mipaka tangu zamani. Mbozi ni nchi ya Wanyiha. Momba na Tunduma ni ya Wanyamwanga na Wawanda, Ileje ni ya Wandali, Walambya na Wamalila, na kuelekea Ziwa Rukwa wapo Wabungu. Hapakuwa na dola moja iliyowatawala wote. Wanyiha wenyewe walikuwa na machifu kadhaa, kila mmoja na eneo lake, na kilichowafunga watu na majirani zao kilikuwa zaidi ndoa na biashara kuliko amri ya mtawala. Wafua chuma wa Unyiha waliyeyusha mawe ya chuma katika matanuru ya udongo. Kazi hiyo imeelezwa vizuri na Beverley Brock, aliyeandika historia ya Wanyiha katika miaka ya 1960.

Mkataba wa Uingereza na Ujerumani wa Julai 1, 1890 uliukata ushoroba huo vipande viwili. Mpaka ulifuata Mto Songwe kutoka Ziwa Nyasa, kisha ukapelekwa hadi Ziwa Tanganyika kwa namna ambayo barabara ya Stevenson ingebaki upande wa Waingereza. Barabara hiyo, iliyopewa jina la mfanyabiashara wa Scotland, James Stevenson, aliyetoa fedha za kuianza katika miaka ya 1880, ilikusudiwa kuunganisha maziwa hayo mawili. Waliochora mpaka walijali barabara, hawakujali ukoo. Wanyamwanga wakajikuta wako pande mbili, wengine chini ya Wajerumani, wengine pamoja na Chifu Chikanamulilo upande wa Waingereza. Wamoravian wakafungua misheni yao Mbozi, na Waskoti wa Livingstonia wakafungua yao Mwenzo, ng'ambo tu ya mpaka. Huko Mwenzo ndiko Donald Siwale na wenzake walikounda mwaka 1912 chama cha ustawi kinachohesabiwa kuwa cha kwanza cha Waafrika katika Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo. Ndugu waliendelea kuoana, kuzikana na kutembeleana kama kwamba mstari haupo, na hilo ni jambo la msingi kwa historia inayofuata: mahusiano yalipita mahali ambapo ramani ilikuwa imekwisha kufunga.

Kodi ndiyo iliyowatoa vijana majumbani. Serikali ya Wajerumani, na baadaye ya Waingereza, ilitaka fedha taslimu, na fedha zilipatikana mbali. Kabwe, wakati huo ikiitwa Broken Hill, ilifikiwa na reli mwaka 1906, na risasi na zinki zikachimbwa. Mwishoni mwa miaka ya 1920 migodi mikubwa ya shaba ikafunguliwa Luanshya, Nkana na Mufulira. Karibu zaidi ilikuwapo dhahabu ya Lupa, Chunya, ambayo sehemu ya eneo lake la zamani leo ni Wilaya ya Songwe. Wengine walielekea mashamba ya mkonge kama manamba. Safari ya kusini ilichukua majuma kwa miguu, na asiyekuwa na mtu wa kumpokea alikuwa katika taabu kubwa. Kazi ilipatikana kwa kutajwa jina na mjomba, shemeji au mtu wa kijiji aliyetangulia. Chumba cha kulala vilevile, na chakula cha siku za kwanza.

Kilichopita katika njia hizo hakikuwa mishahara na nguo tu. Kati ya mwaka 1917 na 1919 mafundisho ya Watchtower yaliingia kaskazini mwa Rhodesia ya Kaskazini kwa mikono ya wafanyakazi waliorudi kutoka Rhodesia ya Kusini. Mhubiri aliyejulikana zaidi alikuwa Hanoc Sindano, na muda si mrefu ujumbe huo ukavuka mpaka na kuingia kusini-magharibi mwa Tanganyika. Hapakuwa na mmisionari aliyeupeleka kutoka kituo hadi kituo. Ulikwenda na mtu hadi kwa ndugu yake, na kutoka kwa ndugu hadi kwa jirani wa ndugu, ndiyo maana maofisa wa wilaya walishindwa kujua wapi pa kuuzuia.

Beni nayo ilisafiri hivyo hivyo. Ngoma hiyo ya pwani, yenye sare, vyeo vya kijeshi na mashindano kati ya pande mbili, ilianzia katika miji ya Waswahili kwenye miaka ya 1890 na kuenea bara kwa vyama vya Marini na Arinoti. Vita vya 1914 hadi 1918 viliisukuma mbali zaidi, kwa kuwa askari na wapagazi waliokuwa mpakani huko Fife na Abercorn walirudi makwao nayo. Katika ukanda wa migodi ya shaba ikaitwa mbeni. Mgomo wa wachimbaji wa mwaka 1935 ulipoanza Mufulira na kuenea hadi Nkana na Luanshya, ambako watu 6 waliuawa kwa risasi, tume ya uchunguzi ilijikuta ikiuliza kuhusu vyama vya mbeni na kuhusu Watchtower. Swali lililokuwa nyuma ya maswali yote lilikuwa moja: habari ilipitaje kati ya watu wa makabila mbalimbali, wasiokuwa na chama cha wafanyakazi wala kiongozi aliyejulikana? Elimu ya wakati huo haikuwa na jibu, kwa sababu ilimgawa Mwafrika katika sanduku la kabila na kumsoma akiwa ndani ya sanduku hilo.

Mtu wa kwanza kulishughulikia swali hilo kwa utaratibu alitoka upande wa Tanganyika. Godfrey Wilson, Mwingereza, alifanya utafiti miongoni mwa Wanyakyusa wa Rungwe kuanzia mwaka 1934, na mkewe Monica, mzaliwa wa Afrika Kusini, akaungana naye mwaka 1935. Kazi yao ilitegemea sana karani na mkalimani wao, Leonard Mwaisumo, aliyeandika kumbukumbu nyingi za mazungumzo kwa Kinyakyusa. Unyakyusa uliwapa jambo ambalo wataalamu wa ukoo hawakulitarajia. Vijana waliozaliwa karibu wakati mmoja walitoka nyumbani kwa baba zao na kujenga kijiji chao wenyewe, wakakaa pamoja hadi uzee. Thamani kubwa ya kijiji hicho ilikuwa ukwangala, yaani kufurahia kuwa pamoja na wenzako, kula nao na kuzungumza nao. Urafiki wa rika ulikuwa mhimili wa maisha sawasawa na damu. Monica Wilson alilieleza hilo katika kitabu cha mwaka 1951, na mwaka 1958 akatoa kitabu kingine kuhusu watu wote wa ushoroba wa Nyasa na Tanganyika, ambamo Wanyiha, Wandali, Walambya na Wanyamwanga wanatokea kama majirani waliofungamana, wala si kama makabila yaliyofungiwa kila moja peke yake.

Mwaka 1938 Godfrey Wilson akawa mkurugenzi wa kwanza wa Taasisi ya Rhodes-Livingstone, iliyoanzishwa mwaka uliotangulia katika Rhodesia ya Kaskazini, akaenda kuwachunguza wafanyakazi wa Broken Hill. Matokeo yalichapishwa 1941 na 1942. Alionyesha kwamba mfanyakazi wa mgodini hakuwa amepotea kutoka dunia yake. Alikuwa ameingia katika dunia pana zaidi, ambamo bei ya madini mjini London iligusa shamba la mkewe kijijini. Yeye na Monica waliliita jambo hilo upana wa jamii, wakapendekeza lipimwe kwa idadi ya watu wanaohusiana na kwa uzito wa mahusiano yao. Kipimo chenyewe hawakukikamilisha, lakini wazo la kupima mahusiano badala ya kuhesabu vichwa limo tayari humo. Kampuni ya mgodi haikupenda mzungu anayekaa na kuzungumza na wafanyakazi weusi kama wenzake, ikamzuia. Wilson alijiuzulu 1941 na kufariki 1944, akiwa bado kijana.

Taasisi iliendelea chini ya Max Gluckman, ambaye baadaye alianzisha idara ya anthropolojia katika Chuo Kikuu cha Manchester. Watafiti waliopita mikononi mwake walikutana na tatizo lile lile kila walipoingia mjini. William Watson aliwasoma Wamambwe, majirani wa karibu wa Wanyamwanga kwa upande wa magharibi, na katika kitabu cha mwaka 1958 alionyesha kwamba vijana waliokwenda migodini hawakuivunja jamii yao. Walirudi na kudai mashamba na nafasi zao. J. Clyde Mitchell aliandika mwaka 1956 juu ya kalela, ngoma ya vijana wa Kibisa mjini Luanshya, iliyokuwa na nasaba na mbeni. Wachezaji walivaa suruali zilizopigwa pasi na viatu vinavyong'aa, huku nyimbo zao zikitania makabila mengine. Mitchell alihusisha nyimbo hizo na utani wa makabila, ambao kila msomaji wa Tanzania anaujua: watu waliokuwa wageni kwa wageni walipata namna ya kusemana bila kugombana. Mjini, kabila lilikuwa njia ya kumpanga mtu usiyemjua ili ujue uanzie wapi naye. Halikuwa tena maelezo ya maisha yake yote.

Neno lenyewe la mtandao lilipewa maana ya kitaalamu na John Barnes, aliyekuwa mtafiti wa taasisi hiyo hiyo miongoni mwa Wangoni wa Fort Jameson, leo Chipata. Mwaka 1954 alichapisha makala kuhusu parokia ya kisiwani ya Bremnes, Norway. Aliona kwamba wakazi wake walikuwa na mafungu yanayojulikana, kama vitongoji na mashua za uvuvi, lakini pia walikuwa na mahusiano ya undugu, urafiki na kujuana yasiyo na ukingo wala kiongozi. Akayaita mtandao, akiuwaza kama nukta zilizounganishwa kwa nyuzi, nukta zikiwa watu na nyuzi zikiwa mahusiano. Miaka mitatu baadaye Elizabeth Bott, akitumia familia 20 za London, alionyesha kwamba namna mume na mke wanavyogawana kazi za nyumbani inahusiana na kama marafiki na ndugu zao wanajuana wao kwa wao.

Mbinu za kuipeleka fikra hii kazini zilikomazwa Zambia. A. L. Epstein, akiwa Ndola katika miaka ya 1950, alimwomba msaidizi wake wa utafiti, aliyemwita Chanda katika maandishi, aandike kila mtu aliyekutana naye kwa siku kadhaa na jinsi walivyojuana. Kutokana na matembezi hayo Epstein alitofautisha mahusiano mazito, ya watu wanaojuana wote na kuongea mara kwa mara, na mahusiano mapana ambayo humtoa mtu nje ya kundi lake. Katika makala nyingine aliufuata umbea kuhusu mwanamke mmoja aliyemwacha mumewe, akaonyesha kwamba maneno yalikwenda kwa watu wa hadhi moja na kusimama yalipofika mwisho wa kundi hilo. Njia ya umbea ikawa ushahidi wa ramani ya jamii.

Mwaka 1969 Mitchell alikusanya tafiti hizo katika kitabu kimoja, na kwa kozi ya leo hicho ndicho kitabu mama, hata pale ambapo hakitajwi. Utangulizi wake uliorodhesha mambo ya kupima: mtandao umeanzia kwa nani, mtu anafikika kwa hatua ngapi, nyuzi zimesongamana kiasi gani, uhusiano unapitisha nini, unakwenda upande mmoja au pande mbili, unadumu kwa muda gani na una uzito gani. Ndani yake David Boswell alieleza misiba mjini Lusaka na jinsi wafiwa walivyowakusanya watu, na Peter Harries-Jones alieleza jinsi watu wa kwao mmoja, ambao kwa Kibemba huitwa bakumwesu, walivyotumika kujenga chama cha siasa mjini Luanshya. Kwa msomaji wa Tunduma hakuna la ajabu katika sura hizo. Anayejua msiba unavyotangazwa, daftari la rambirambi linavyoandikwa na nani anatumwa kwenda kuchukua turubai, anajua tayari kile ambacho Boswell alikifanya kuwa somo.

Lakini sura iliyofika mbali zaidi ni ya Bruce Kapferer, Mwaustralia aliyefanya utafiti Kabwe katikati ya miaka ya 1960, muda mfupi baada ya uhuru wa Zambia. Katika karakana ya zinki aliwatazama wafanyakazi wachache wakigombana. Kijana mmoja alimlaumu mzee kwamba anafanya kazi haraka mno na hivyo kuwaharibia wenzake. Kwa kanuni za kazini kijana alikuwa na hoja, na bado wengi wakamwegemea mzee. Kapferer alieleza tokeo hilo kwa kufuata nani alikuwa amefungamana na nani: mzee alikuwa na nyuzi nyingi na nzito, kijana alikuwa na chache.

Baadaye akahamia kiwanda cha nguo cha mwajiri Mhindi, akakaa miezi 10 akiandika nani anazungumza, anatania na kula na nani, na nani anamsaidia nani kazini. Kitabu chake kilitoka 1972. Alichora mahusiano hayo mara mbili, kwa tofauti ya miezi 7. Baada ya mara ya kwanza wafanyakazi walijaribu kugoma na kushindwa. Baada ya mara ya pili waligoma na kufaulu. Hapa jedwali linazungumza vizuri kuliko maneno. Watu 39 wanaweza kuunganishwa kwa jozi 741, kwa kuwa 39 mara 38, gawanya kwa 2, ni 741. Mara ya kwanza jozi zenye urafiki na mazungumzo zilikuwa 158, yaani asilimia 21. Mara ya pili zilikuwa 223, yaani asilimia 30. Watu ni wale wale, chumba ni kile kile, vyerehani ni vile vile. Kilichobadilika ni msongamano wa nyuzi kati yao, na vilevile nafasi ya baadhi ya wafanyakazi waliojifunga na wenzao wa kazi za chini. Mtu hawezi kusema kwa uhakika kwamba msongamano peke yake ulileta ushindi, wala Kapferer hakuwa na haraka ya kusema hivyo. Alifuata pia masilahi ya kila fundi na hesabu aliyoifanya kabla ya kumwegemea huyu au yule. Sehemu hiyo ya kazi yake ndiyo inayoachwa mlangoni siku hizi jedwali linapoingizwa katika programu, na ni hasara kubwa kwa mwanafunzi.

Upande wa Tanganyika kulikuwa na kazi inayostahili kuwekwa karibu na hiyo. P. H. Gulliver, mtafiti wa jamii aliyeajiriwa na serikali ya kikoloni, aliandika kuhusu uhamaji wa kazi wa Wanyakyusa mwaka 1957. Mapema katika miaka hiyo alikuwa ameishi miongoni mwa Wandendeuli, mashariki ya Songea. Kitabu chake cha mwaka 1971 kinaonyesha jamii isiyokuwa na koo zenye mipaka ambazo zingemwambia mtu yuko upande gani. Kila mwenye shamba la kulima au kesi ya kusuluhishwa aliwaita watu wake, na watu wake hawakuwa sawasawa na watu wa jirani yake, ingawa wengi walikuwa wa wote wawili. Gulliver alifuata kazi za pamoja na mabaraza ya usuluhishi moja baada ya jingine, akionyesha jinsi deni la msaada la msimu mmoja lilivyoamua nani atasimama na nani msimu uliofuata. Kwa undani wa maelezo, kitabu hicho hakijapitwa hadi leo na tafiti nyingi zenye kompyuta.

Kutoka hapo elimu hii ilihamia Marekani na kukutana na mzizi mwingine. Jacob Moreno alikuwa amechora nukta na mistari ya urafiki wa wasichana wa shule ya Hudson, New York, katika kitabu cha 1934, na wanahisabati walikuwa na nadharia ya grafu. Mwaka 1973 Mark Granovetter alichapisha makala iliyosomwa kuliko nyingine zote katika uwanja huu. Kati ya watu aliowahoji karibu na Boston ambao walipata kazi kupitia mtu wanayemjua, asilimia 16.7 tu walikuwa wakionana na mtu huyo mara nyingi, asilimia 55.6 walionana naye mara mojamoja na asilimia 27.8 kwa nadra. Habari mpya hutoka kwa mtu wa mbali kidogo, kwa kuwa wa karibu wanajua kile unachokijua. Katika hoja hiyo Granovetter aliwarejelea Barnes, Bott, Mitchell na Epstein, na tofauti ya Epstein kati ya mahusiano mazito na mapana imo katika makala yake. Mwaka 1977 Barry Wellman alianzisha jumuiya ya kimataifa ya watafiti wa mitandao, Linton Freeman akafafanua mwaka 1979 namna za kupima nani yuko katikati, na programu za kompyuta zikafuata: UCINET kutoka California, Pajek kutoka Ljubljana, Gephi kutoka Ufaransa. Jedwali la Kabwe lilisambaa duniani likiwa ndani ya UCINET.

Wakati huo huo Tunduma yenyewe ilikuwa inabadilika. Baada ya walowezi wa Rhodesia ya Kusini kujitangazia uhuru Novemba 1965, Zambia ilihitaji njia ya bahari isiyopita kusini. Bomba la mafuta la TAZAMA lilikamilika 1968, barabara kuu ikawekwa lami, na reli ya TAZARA, yenye kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ikajengwa kuanzia 1970 na kuanza kazi rasmi 1976. Mwelekeo wa mahusiano ukageuka. Kizazi cha kwanza kilikuwa cha watu wanaopita kwenda kutafuta kazi kusini. Sasa mizigo ndiyo inayopita, na kazi inakaa Tunduma: kupakua, kubadilisha fedha, kuandaa nyaraka za forodha, kulisha na kulaza madereva wanaokwenda Lusaka, Kasumbalesa na Lubumbashi. Oktoba 2019 kituo cha pamoja cha mpakani cha Tunduma na Nakonde kilizinduliwa, maofisa wa nchi mbili wakafanya kazi sehemu moja.

Mji kama huo ni darasa bora kwa kozi fupi, kwa kuwa kila dhana inayofundishwa ina watu wake barabarani. Somo la kwanza ni la mtu mmoja na wanaomzunguka. Mama lishe wa karibu na maegesho ya malori huulizwa nani humkopesha unga na mkaa, nani humkumbuka mchezo wa upatu ukifika zamu yake, na kati ya hao nani wanajuana. Jibu la swali la mwisho ndilo linalotofautisha uchambuzi wa mitandao na dodoso la kawaida. Somo la pili ni la mtu wa katikati. Wakala wa forodha anaweza kuwa na marafiki wachache na bado akawa ndiye pekee anayemuunganisha tajiri wa mizigo aliyeko Dar es Salaam na dereva, ofisa na mnunuzi aliyeko ng'ambo. Hesabu ya Freeman humpa alama ya juu kwa njia zinazopita kwake, hata kama wanaomjua ni wachache. Somo la tatu ni la mahusiano mepesi: dereva aliyekutana na mwenzake mara moja tu kwenye foleni ya Nakonde ndiye anayempigia simu kumwambia kuna mzigo wa kurudi nao.

Somo gumu zaidi ni la ukingo. Mtafiti lazima aamue nani aingie katika jedwali na nani abaki nje, na Barnes alikwisha kuonya kwamba mtandao hauna ukingo wake wenyewe. Kiwandani Kabwe ukuta uliamua. Tunduma hakuna ukuta. Mfanyabiashara ana dada Nakonde, mkwe Isoka, shamba la kahawa la baba yake Mbozi na deni Mbeya. Akisimamia mpakani, mtafiti atapata nusu ya mtu. Akiufuata kila uzi, kozi itakwisha kabla ya jedwali. Wanafunzi wengi hujaribu kukwepa uamuzi huu kwa kuhesabu wale tu walioko sokoni siku ile, na matokeo yao huonyesha soko lililojitenga na dunia, jambo ambalo hakuna mkazi wa Tunduma angelikubali.

Tafiti mbili za karibu zinaonyesha faida ya kuamua ukingo mapema. Katika kijiji cha Nyakatoke, Kagera, Joachim De Weerdt alizihoji kaya zote 119 mwaka 2000 kuhusu watu wanaowategemea wakati wa shida. Kwa kuwa kila kaya iliulizwa, iliwezekana kuona ni kaya zipi hazikutajwa na mtu yeyote mwenye uwezo, yaani maskini waliokuwa na mtandao mwembamba kwa sababu ya umaskini wenyewe. Na katika kisiwa cha Likoma, ndani ya Ziwa Nyasa upande wa Malawi, Stéphane Helleringer na Hans-Peter Kohler walichapisha mwaka 2007 ramani ya mahusiano ya kimapenzi ya vijana wa vijiji kadhaa. Nusu ya waliokuwa na wapenzi walikuwa wameunganika katika mtandao mmoja mkubwa, ijapokuwa wachache tu walikuwa na wapenzi wengi. Kwa miji ya njia kuu, iliyozoea kuona lawama za Ukimwi zikibebeshwa madereva na wahudumu wa baa, matokeo hayo ni mazito: ugonjwa ulikuwa na njia ya kuenea bila kuwapo kundi moja la watu wa kulaumiwa.

Utafiti wa aina hii una hatari yake, na kozi ya mpakani haina budi kuitengea muda. Dodoso la kawaida linaweza kukusanywa bila majina. La mtandao haliwezi, kwa sababu jina alilolitaja mmoja lazima lioanishwe na mtu mwingine. Anayetajwa hakuombwa ruhusa. Palipo na njia za panya, mchoro unaoonyesha nani anampokea nani mzigo unaweza kumpeleka mtu kituoni hata kama jina lake limefutwa, maana nafasi yake katika mchoro inatosha kumtambulisha kwa wenyeji. Epstein na Kapferer walitumia majina ya kubuni, lakini waliandika chini ya serikali na waajiri waliokuwa na hamu ya kujua viongozi wa migomo ni nani. Tanzania sasa ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, nayo inamtaka anayekusanya taarifa aeleze anazikusanya kwa kusudi gani na azihifadhi kwa usalama. Kwa mwanafunzi maana yake ni kazi tatu za kufanya kabla ya kuanza kuhoji: kumweleza anayehojiwa kwamba ataulizwa majina ya watu wengine, kumpa kila mtu namba siku ile ile ya mahojiano, na kuitunza orodha ya majina na namba mbali na kompyuta yenye jedwali.